Msitu upi wa kale Uingereza utakufaa: Epping, New Forest, Sherwood au Wistman's Wood?

Kila Aprili simu yangu haitulii. Shemeji anatua kutoka Dar kwa wiki mbili, binamu yuko Coventry na watoto wawili, mdogo wangu yuko Leeds kwa masomo na keshachoka kuzurura madukani. Wote wanaomba kitu kimoja: "Tupeleke kwenye ule msitu wa zamani." Nikiuliza ule upi, mmoja anauwaza wa Robin Hood, yule mwizi shujaa wa hadithi za Kiingereza, aliouona kwenye katuni, mwingine ameona mtandaoni picha ya mawe yaliyovaa kijani, wa tatu anataka farasi. Hiyo ni misitu mitatu iliyo mbalimbali, pembe tatu za nchi. Ukikosea, utamaliza pesa za treni kumpeleka mzee mwenye magoti mabovu mahali asipoweza hata kukanyaga.

Ninaishi mashariki mwa London na minne hii nimeifika yote, mmoja wake mara nyingi mno kwa sababu uko mlangoni kwangu. Ili nisiupendelee huo wa jirani, nimeipima yote kwa vipimo vilevile.

Kwanza, "kale" maana yake nini

Kwa England, msitu wa kale ni ardhi ambayo imekuwa na miti mfululizo tangu angalau mwaka 1600. Mwaka huo ulichaguliwa kwa sababu kabla yake watu walikuwa hawapandi misitu kwa kawaida. Kwa hiyo kama msitu ulikuwepo wakati huo, huenda ulijiotea wenyewe. Leo misitu ya namna hiyo ni kama asilimia 2.5 tu ya ardhi ya Uingereza yote.

Hapo ndipo wageni wetu wanapochanganyikiwa. Wanategemea miti mirefu ya kutisha, giza, mizabibu inayoning'inia. Wanakuta miti mifupi, minene, iliyopinda, mingine ina tundu tumboni. Kinachohesabiwa kuwa cha kale ni mahali penyewe: udongo, mizizi, uyoga wa chini, maua yanayochukua karne kuenea. Mti uliosimama juu yake unaweza kuwa kijana tu. Na misitu mingi ya hapa haikuachwa peke yake hata siku moja. Watu waliikata kwa zamu, ama chini kabisa ili kisiki kichipue upya, jambo ambalo mchoma mkaa yeyote wa Morogoro analijua, ama juu, kwa kimo ambacho mdomo wa ng'ombe haufiki, kama tunavyoukata mgrivea shambani. Mti unaokatwa hivyo huishi miaka mingi kuliko ulioachwa. Ukilielewa hilo kabla ya kwenda, hutarudi umenuna.

Vipimo vyangu

Ninaangalia mambo matano. Unafikaje bila gari. Unaona nini ukifika. Miguu gani inafaa, nikimfikiria bibi wa miaka sabini na mtoto wa kigari. Mwezi gani. Na mwisho mfuko pamoja na choo, kwa sababu siku nzuri ya msituni huharibiwa na kukosa choo mara nyingi kuliko na mvua.

Usalama sikuuweka kwenye orodha. Hakuna tembo, hakuna chui. Nyoka mwenye sumu ni mmoja tu nchi nzima, wa ukoo wa kifutu lakini mdogo na mwoga. Wa kuogopwa ni kupe, na hao wako kote kunne. Wengine hubeba maradhi ya Lyme. Suruali ndefu, uiingize kwenye soksi, na ukirudi nyumbani ukague watoto nyuma ya magoti.

Epping Forest, mpakani mwa London na Essex

*Kufika.* Kwa mkazi wa London hakuna rahisi kama huu. Reli ya Central hadi Loughton kisha utembee, au treni ya Liverpool Street hadi Chingford, ambako dakika chache tu kutoka stesheni uko kwenye nyasi za msitu. Kadi ya nauli ya Oyster inatosha.

*Kinachoonekana.* Hapa niruhusu nikae kidogo.

Oktoba moja nilikwenda na mama yangu, mtu wa Lushoto, aliyekulia ukingoni mwa msitu wa Shume. Tulipita njia ya juu ya Loughton, majani yamegeuka rangi ya shaba na kila hatua inalia. Akasimama mbele ya mti mmoja wa bichi (siyo bichi ya baharini, ni jina la mti) akauzunguka taratibu. Shina lilikuwa fupi, nene, limejaa vifundo kama goti la ng'ombe mzee. Lilipofika usawa wa kichwa changu likagawanyika matawi tisa, kila tawi nene kama nguzo ya umeme, yote yamekwenda juu wima. Mama akaweka kiganja pale yanapoachana.

"Huu ulikuwa unakatwa," akasema. "Ulikatwa mara nyingi, halafu wakauacha."

Hakuwa amesoma kibao chochote. Ndivyo ilivyo hasa. Watu wa Loughton walikuwa na haki ya zamani ya kukata matawi kwa ajili ya kuni, kuanzia tarehe 11 Novemba. Katikati ya karne ya 19 wenye ardhi walianza kuzungushia ua vipande vya msitu, na mzee mmoja, Thomas Willingale, pamoja na jamaa zake wakaendelea kukata kama walivyozoea. Mwaka 1866 mwanawe na wapwa zake wawili wakafungwa jela. Kesi zikafuata, Halmashauri ya Jiji la London ikaingia upande wa kuuacha msitu wazi, na mwaka 1878 Bunge likapitisha sheria ya Epping Forest. Mwaka 1882 Malkia Victoria akaja High Beach kuukabidhi kwa wananchi. Haki ya kuni ikafutwa, na kwa fidia wanakijiji wakajengewa ukumbi uitwao Lopping Hall, uliofunguliwa mwaka 1884 na ambao bado unatumika pale mjini Loughton. Matawi yaliyokuwa yakikatwa kila baada ya miaka kadhaa yakaachwa yakue, na ndiyo hayo tisa aliyoyashika mama.

Tukakuta gogo limelala linaoza.

"Na kuni zote hizi, mwanangu?"

"Haziokotwi, Mama. Wadudu wanakaa humo."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa chakula kimwagwe. Nikamsimulia habari ya Willingale. Akanyamaza hatua kama kumi, kisha akasema, "Kumbe na hawa walifungwa kwa kuni." Mama hajali Robin Hood wala malkia, lakini jina la Willingale analo mpaka leo.

Zaidi ya hapo kuna kulungu, kuna ng'ombe wenye pembe ndefu wanaochungwa kwa kola za shingoni badala ya uzio, kuna maboma mawili ya udongo ya Enzi ya Chuma, na pale Chingford lipo jengo la mbao lililojengwa mwaka 1543 ili Henry wa Nane na wageni wake watazame uwindaji.

Kasoro ni sauti. Barabara zinaukata msitu vipande, na sehemu nyingi unasikia magari. Anayetaka kimya cha kweli ataudhika.

*Miguu.* Ziko njia pana za kokoto ambazo kigari cha mtoto kinapita. Ukiziacha tu, udongo ni wa mfinyanzi, na kuanzia Novemba mpaka Machi unavuta kiatu. Vaa gambuti.

*Mwezi.* Mwisho wa Oktoba hadi wiki ya kwanza ya Novemba kwa rangi. Kwa maua ya buluu ya masika, yale ya kengele, nenda kipande chake cha kusini, Chalet Wood ndani ya Wanstead Park, mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Usiyakanyage na usiyang'oe. Kung'oa ni kosa kwa sheria ya mwaka 1981. Hata uyoga wa Epping hauchumwi, na wako wanaokamatwa na vikapu.

*Mfuko na choo.* Kuingia bure. Maegesho mengi yanalipiwa. Vyoo na kituo cha wageni vipo High Beach na Chingford, na High Beach kuna kibanda cha chai ambacho Jumapili kinajaa wenye pikipiki kubwa.

New Forest, Hampshire

Jina lake ni Msitu Mpya, na una miaka kama 950. William Mshindi aliutenga mnamo mwaka 1079 uwe pori lake la kuwindia. Zamani neno hilo la Kiingereza kwa msitu halikuwa na maana ya miti; lilikuwa na maana ya sheria, eneo ambalo kulungu ni wa mfalme na ole wako ukimgusa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya New Forest ni mbuga ya vichaka na nyasi, na mgeni aliyetegemea miti pekee hushangaa saa ya kwanza.

*Kufika.* Treni ya Waterloo hadi Brockenhurst, kama saa moja na nusu. Wakati mwingine farasi unawaona kabla hujatoka kijijini, wamesimama barabarani kama wenye nyumba. Ila misitu yenyewe ya kale, kama Mark Ash na ile ya upande wa Bolderwood, iko mbali na stesheni. Utahitaji gari au baiskeli ya kukodi, na wakati wa kiangazi huwa kuna basi la watalii lililo wazi juu linalozunguka.

*Kinachoonekana.* Farasi wafupi kwa maelfu, ng'ombe, punda, na kwa majira yake nguruwe. Si wanyamapori. Kila mmoja ana mwenyewe, mkazi mwenye haki ya kuchunga humo, haki iliyorithiwa pamoja na nyumba au shamba lake. Mtazame farasi mkiani: nywele zimekatwa kwa mtindo fulani, na mtindo huo unaonyesha anahesabiwa chini ya msimamizi wa eneo gani na kwamba ada yake imelipwa. Mfugaji wa Kimasai aliyewahi kusoma alama ya sikio la ng'ombe hatahitaji maelezo. Vuli nguruwe huachiwa msituni wale kokwa za mialoni, kwa sababu kokwa zikiwa mbichi na nyingi huwadhuru farasi. Kazi hiyo imefanywa hivyo kwa karne nyingi na hakuna mashine iliyoishinda.

Kwa miti, mtegemee Knightwood Oak, mwaloni uliokatwa juu ukiwa kijana, leo una mzingo wa zaidi ya mita 7. Jihadhari na kosa ambalo nililifanya mimi mwenyewe: karibu na hapo, kwenye barabara ya Rhinefield, ipo miti mirefu ya ajabu, na watu hupiga picha pale wakisema "huu ndio ukongwe". Ile imetoka Marekani, ikapandwa katikati ya karne ya 19. Mirefu kuliko yote ndiyo mitoto. Mzee ni yule mfupi mnene unayempita bila kumsalimu.

Anayependa historia aende kwenye Rufus Stone, panaposemekana kuwa ndipo mfalme William wa Pili alipouawa kwa mshale mwaka 1100 akiwinda. Ajali au la, watu wanabishana mpaka leo. Pale pana nguzo tu. Usimpeleke mtoto ukamwahidi makubwa.

*Miguu.* Njia za kokoto ni pana na tambarare, nzuri kwa kigari na kwa baiskeli. Nje yake kuna vinamasi vinavyoonekana kama majani ya kawaida mpaka mguu uzame. Usiwalishe farasi wala kuwapapasa. Ni kosa, na wanauma.

*Mwezi.* Mei kwa watoto wa farasi, Septemba hadi Novemba kwa nguruwe na majani. Agosti magari yanasongamana Lyndhurst hadi unatamani ungebaki nyumbani.

*Mfuko na choo.* Kutembea ni bure. Gharama ni treni, kwa hiyo kata tiketi mapema. Vyoo viko vijijini na kwenye baadhi ya maegesho makubwa, si kila mahali. Ukiwa na gari, mwendo mwisho maili 40 kwa saa, na usiku uwe chini ya hapo. Farasi mweusi kwenye barabara isiyo na taa haonekani.

Sherwood, Nottinghamshire

*Kufika.* Treni kutoka St Pancras hadi Nottingham, chini ya saa mbili, kisha basi hadi kijiji cha Edwinstowe, ambalo huchukua kama saa nzima au zaidi. Kwa wenzetu wa Leicester, Sheffield, Birmingham na Leeds huu ni karibu kuliko wa London. Jumapili mabasi hupungua. Angalia ratiba ya kurudi kabla ya kutazama mti wowote.

*Kinachoonekana.* Mialoni. Iko zaidi ya elfu moja iliyozeeka sana, imesimama katikati ya miti myembamba myeupe na makangaga. Mashuhuri ni Major Oak, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 800 hadi 1,000 na zaidi, mzingo wake ni zaidi ya mita 10. Jina hilo halitokani na ukubwa bali na meja wa jeshi, Hayman Rooke, aliyeuandika mwaka 1790. Matawi yake yamesaidiwa kwa minyororo na mihimili tangu mwanzo wa karne ya 20, kama mzee anayetembea na magongo manne. Umezungushiwa uzio tangu miaka ya 1970, kwa sababu miguu ya mamilioni ya wageni ilishindilia udongo mpaka mizizi ikakosa hewa na maji. Kwa hiyo utausimamia mbali. Hutaugusa, hutaingia tumboni mwake kama walivyofanya watoto wa zamani.

Nitasema wazi kwamba ukija kwa ajili ya mti huo tu, utaondoka baada ya dakika kumi. Uzuri wa Sherwood ni ule mti wa mia tatu, usio na jina, ulio peke yake kwenye makangaga, ngozi imechanika, ndani mtupu. Utupu huo si ugonjwa wa kumuua. Uyoga hula moyo wa mti uliokwisha kufa, ganda la nje linabaki hai, na ndani wanakaa popo, ndege na mende ambao hawapatikani kwenye msitu mchanga. Zungukeni taratibu mtafute nyuso kwenye magome. Watoto wangu huwapa majina ya wajomba zao.

Robin Hood yupo kila kona, kwenye sanamu, kwenye kofia za kijani, na kanisa la Edwinstowe ndipo hadithi inaposema alimwoa Marian. Watoto wanapenda. Mtu mzima anaweza kuvumilia.

*Miguu.* Kati ya minne, hapa ndipo njia kuu zilipo rahisi kuliko kote: tambarare, ngumu, kigari cha magurudumu kinafika hadi kwenye mti mashuhuri.

*Mwezi.* Wowote. Udongo wa hapa ni wa kichanga, hivyo mvua ikinyesha maji hupotea haraka. Majira ya baridi maumbo ya mialoni yanaonekana vizuri zaidi kwa sababu majani na makangaga yamelala.

*Mfuko na choo.* Kuingia bure, maegesho unalipia. Kituo cha wageni cha tangu 2018 kina vyoo safi, duka na mgahawa. Ukimaliza, kijiji kiko hapohapo.

Wistman's Wood, Dartmoor, Devon

*Kufika.* Hapa ndipo panapochuja watu. Treni ya Paddington hadi Exeter ni saa mbili hivi au zaidi, kisha gari hadi Two Bridges, karibu na Princetown, kisha kilomita 2 kwa miguu juu ya bonde la mto West Dart. Mabasi ni ya kubahatisha. Usijaribu kwenda na kurudi London siku moja.

*Kinachoonekana.* Kitu kidogo sana. Ni ekari chache tu za mialoni vibete, mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, imeota katikati ya majabali ya matale. Kila jiwe limefunikwa ukoga wa kijani mnene kama zulia la sebuleni, na kila tawi lina ndevu za kuvumwani zinazodondosha maji hata mvua ikiwa imekatika. Matawi yamepinda kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi. Majabali ndiyo yaliyouokoa: kondoo hawakuweza kupita kati yake kula miche. Katika miaka ya 1860 mtu mmoja aliruhusiwa kukata mti mmoja ahesabu miaka yake, akakuta umepita 160 na unene wake ni inchi 9 tu. Habari hiyo ikachongwa kwenye jiwe, bado lipo.

Sasa sikiliza vizuri. Wageni wanaombwa wasiingie ndani. Picha za mtandaoni zilileta watu wengi mno, ukoga ukachubuka, miche ikakanyagwa, kwa hiyo leo unatembea ukingoni na kutazama. Wapo wanaopuuza na kupanda juu ya mawe wapate picha. Mtu wa pwani aliyewahi kuingia kwenye kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, anajua adabu hii bila kufundishwa: unafuata njia, huvunji kijiti, hutoki na kitu. Ardhi ni ya Duchy of Cornwall, milki ya mrithi wa kiti cha ufalme, ambayo mwaka 2022 ilitangaza mpango wa kuupanua msitu huu uwe mara mbili ifikapo 2040.

Mara ya kwanza nilikwenda na raba za mjini. Nilianza jua likiwaka. Nusu ya njia ukungu ukashuka nisione hata ukuta wa mawe uliokuwa mkono wangu wa kulia. Nikakaa chini nikala andazi, nikasubiri. Ulipoinuka, msitu ulikuwa hatua hamsini mbele yangu, mweusi, mfupi, umejikunyata chini ya mlima. Wenyeji wanasimulia kuwa mbwa wa kishetani hutokea humo usiku kuwinda roho. Mchana ule, peke yangu na soksi mbichi, sikuwacheka.

*Miguu.* Nusu ya mwanzo ni njia nzuri, nusu ya pili ni mawe na tope. Kigari hakipiti. Mzee mwenye magoti asiende.

*Mwezi.* Unapendeza kukiwa na unyevu, hata Februari, ukoga unapong'aa. Julai majani na vumbi hupunguza ladha.

*Mfuko na choo.* Msitu bure, safari ghali: treni, gari la kukodi, na usiku mmoja wa kulala. Choo hakuna msituni, vipo Princetown.

Sasa, kwa hali yako

Ukiwa London na una saa nne tu, au mgeni wako anapanda ndege keshokutwa, ni Epping. Vilevile kwa mtu anayeelewa kuni, shamba na ugomvi wa mipaka. Huyo atapata cha kuzungumza njia nzima.

Ukiwa na watoto wa miaka mitatu hadi kumi, chagua kati ya New Forest na Sherwood kwa swali moja: wanapenda wanyama au hadithi? Wanyama, nenda Brockenhurst. Hadithi, nenda Edwinstowe. Aliye kaskazini au katikati ya nchi asisumbuke kuja kusini.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, au bibi mwenye fimbo, Sherwood ina njia ya uhakika, na New Forest inafuata ukiwa na gari. Epping inawezekana ukichagua siku kavu na njia za kokoto.

Mpiga picha, mshairi, au aliyefiwa na anataka kukaa kimya, afikirie Wistman's Wood, kwa sharti kwamba ataridhika kutazama kutoka nje. Asiyeweza kuahidi hivyo aende Mark Ash ndani ya New Forest. Kule unaingia, na siku ya kazi unaweza usikutane na mtu.

Mwanafunzi asiye na pesa ahesabu nauli kwanza. Uliye Nottingham au Sheffield una Sherwood kwa bei ya basi.

Desemba na mwanzo wa Januari, popote uendako, panga kutoka msituni mapema. Jua linazama kabla au karibu ya saa kumi jioni, na chini ya miti giza hutangulia.

Mama anarudi Mei hii. Nilidhani atataka Epping tena aangalie miti yake. Amenipigia juzi kuuliza kama ni kweli kuna mahali farasi wanalala barabarani na hakuna anayewafukuza. Nimeshakata tiketi za Brockenhurst.